Gundi Ikiwa Bado Mbichi

Kubandika upinde kunataka mikono minne, na siku ile Marietha alikuwa na miwili yake na miwili ya Bahiya, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Upinde wenyewe ulikuwa wa Haroub, mtoto wa Bahiya, aliyejiunga na watu wanaoshindana kulenga shabaha huko Kibamba, na ule wa kununua akauvunja hata mwezi haujaisha.

"Mie sijui chochote," Bahiya alisema, akivaa glovu za mpira kama za Marietha. "Niambie tu nishike wapi."

"Shika ncha, Mama Haroub. Usiachie hata pua ikikuwasha."

Vipande vilikuwa vinne, vyembamba kama rula: viwili vya mninga katikati, mianzi mgongoni na tumboni. Marietha alivipaka gundi, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavilaza kwenye kalibu, yaani ubao mnene aliouchonga kwa mkunjo wa upinde na kuuzungushia nailoni ili usigandane na kazi. Kisha akaanza kukaza klempu, vile vibano vya chuma vya skrubu, kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Gundi ile ni ya mikebe miwili. Ikishachanganywa, fundi ana dakika arobaini kabla haijaganda. Iliyobaki aliiacha kwenye kopo juu ya benchi, na gundi ya namna ile ikirundikana pamoja hupata moto yenyewe mpaka inafuka moshi.

Alikuwa kwenye klempu ya saba geti la mabati lilipopigwa teke.

Alikuwa Albano, mdogo wa marehemu mume wake. Fransis alifariki miezi minane nyuma, na tangu arobaini ipite Albano alishikilia kwamba karakana ile ya Chanika ni mali ya ukoo. Mara ya kwanza alikuja na maneno. Mara ya pili alimpiga Marietha makofi mbele ya mama mkwe, na Marietha akanyamaza, kwa kuwa wote waliokuwepo walimwambia anyamaze. Safari hii alikuja na wanaume wawili, na kirikuu, kigari cha mizigo, kikamngoja nje.

"Anzeni na msumeno wa mkanda," aliwaambia wenzake, bila hata salamu. "Halafu randa."

"Shemeji, toka," Marietha alisema. Mikono yake haikuacha kukaza.

"Shemeji wa nani? Kaka kashakufa. Wewe humu ni mgeni."

Bahiya akaiachia ncha, akaenda kusimama mbele ya msumeno. "We Albano, huna haya? Mjane wa ndugu yako..."

Hakumaliza. Albano alimzaba kofi kwa mgongo wa mkono, ushungi ukamtoka, akaangukia kwenye rundo la maranda. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, ambaye mtaa mzima ulimpa shikamoo.

Marietha hakuwaza. Alinyakua klempu ya chuma akampiga nayo Albano usoni, akasikia mfupa ukilia. Akarudia, begani. Alipoinua mkono mara ya tatu mmoja wa wale wanaume alimkaba kwa nyuma, na Albano, mdomo umejaa damu, akakishika kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Marietha akakikunja kinyume mpaka kikavunjika.

Marietha alipiga yowe. Bahiya aliinuka na kipande cha mbao, akamtwanga yule mwanaume kwenye ugoko, mara mbili, tatu, mpaka akamwachia Marietha na kukimbilia getini akichechemea. Lakini Albano alishamlaza Marietha chali juu ya benchi, vidole gumba viwili kwenye koo.

"Nitakuzika na Fransis," alisema. Damu yake ilimdondokea Marietha machoni.

Pumzi ilimwishia, paa la bati likaanza kuwa jeusi pembeni. Mkono wa Marietha ulipapasa benchi, ukagusa kopo. Joto lilipenya glovu. Alijua ni nini. Angeweza kulitupa ovyo, au kumpiga nalo. Alilishika sawasawa akammwagia machoni.

Sauti aliyotoa Albano haikuwa ya mtu mzima. Yule mwanaume wa pili, ambaye hadi hapo alikuwa hajagusa kitu, alimkokota nje akamtupia kwenye kirikuu, wakaondoka.

Marietha alikohoa mpaka akatapika. Kisha akatazama simu yake.

"Dakika kumi na mbili zimebaki. Mama Haroub, shika ncha."

"Una wazimu? Kidole kimegeuka nyuma hicho!"

"Shika tu, nakuomba."

Bahiya alishika, mdomo umepasuka, huku akilia. Marietha alikaza klempu zilizobaki kwa mkono wa kushoto. Maumivu yalimpanda hadi kwapani, na ndani ya maumivu hayo kulikuwa na furaha, furaha kubwa, iliyomtisha kuliko damu.

Ndipo walipokwenda polisi kuchukua PF3, fomu ya majeruhi ya kutibiwa, kisha hospitali. Marietha aliwekwa ndani siku mbili, akaachiwa ilipoonekana alijitetea. Albano alipoteza jicho la kulia, na alipotoka wodini akahukumiwa kifungo kwa kuvamia na kujeruhi. Upinde ulipofunguliwa, ncha ya juu haikuwa imeshika. Ilibidi apasue mbao nyingine aanze upya.

Mwezi wa tatu wa kifungo hicho mama mkwe alipiga simu, akalia, akamsihi aende gereza la Segerea kumwona mwanawe, hata mara moja tu. Marietha akaenda.

Albano alikuwa amekonda. Ngozi ya upande wa kulia ilikuwa imevutana na kung'aa.

"Hukuwa na haja ya kuniharibu jicho, shem," alisema. "Mie nilifuata msumeno tu."

Marietha alikuwa na jibu tayari. Ndilo alilowapa polisi, na njia nzima alilirudia: hakuona, mkono ulijiendea wenyewe.

"Nilikusudia," alisema.

Albano akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Najua. Nilikuona."

Marietha akamkabidhi askari mfuko wa sabuni na mkate, akatoka nje kwenye jua.