Siku ya Kusafisha Korongo

Patricie alikulia Bukavu, nchini Kongo, akarudi Rwanda na mama yake mwaka 1996 vita vilipoanza upande ule. Kufikia 2001 alikuwa mkaguzi wa usafi wa mji, na kazi aliyopewa mwaka huo ilimfanya achukiwe na mtaa mzima: kuwazuia watu kutupa taka katika korongo lililo chini ya mji wa Kamembe.

Mvua ikinyesha, maji meusi ya korongo lile yalishuka mpaka ziwani, mahali ambapo watu wa chini waliteka maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa kimeshapita huko na kuua watoto. Amri mpya ilikuwa wazi. Taka zitiwe kwenye magunia, lori la mji lizichukue kila Jumanne, zikafukiwe katika shimo jipya lililochimbwa mbali na maji. Atakayetupa korongoni atozwe faini.

"Na lori ikikosa mazuti?" watu walimuuliza. "Bucafu ioze mbele ya milango yetu?"

Patricie alipita nyumba kwa nyumba, akatukanwa, akarudi tena. Aliyetii wa kwanza alikuwa Thacienne, fundi wa kushona aliyeishi ukingoni kabisa. Mwaka 1994 Thacienne alivuka mto Rusizi kukimbilia Kongo akiwa peke yake. Baba yake na kaka yake Gad walibaki nyuma, na aliporudi hakuna aliyemwambia walikoangukia. Alipoweka gunia lake mlangoni, jirani yake naye akaweka, na taratibu mtaa ukafuata.

Isipokuwa Munyemana. Huyu alikuwa seremala, mtu wa kanisa, mpole. Kila asubuhi alimwaga korongoni vumbi la mbao na maganda ya ndizi, na hata magunia ya wazee wa jirani aliyabeba akayamwaga huko huko.

"Papa Munyemana, hata leo?" Patricie alimwambia siku moja, akimkuta na karai tupu mkononi.

"Uniandikie amende, Maman. Nitalipa."

Alilipa kila mara bila kubisha. Jambo hilo lilimsumbua Patricie kuliko matusi ya wengine.

Kisha ofisi ikaamuru taka zote za zamani zichimbuliwe na kuondolewa, na kazi ikapangwa kufanyika Jumamosi ya umuganda, wakazi wote wakishiriki. Jumapili iliyotangulia, Munyemana alifika kwa Patricie akitoka misani, koti limefungwa mpaka juu.

"Maman, mulikataza batu kutupa. Ni muzuri. Sasa mufunike na udongo tu, mupande majani juu."

"Maji yatapita chini ya udongo, Papa, na yatafika ziwani vilevile. Sheria inasema itoke yote."

"Sheria ni kitu gani? Weye haukukuwa hapa."

"Sikukuwa hapa wakati gani?"

Munyemana aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka bila kugusa chai. Patricie alidhani ni ile dharau ya siku zote kwa waliotoka Kongo. Iliwahi kumuuma sana. Siku hizi alikuwa ameizoea.

Jumamosi walikuja waliorudi kutoka Kongo, na wapangaji wa Bukavu, akiwemo Nabintu, muuza mboga ya sombe, na jembe lake begani. Ukimtoa Thacienne, waliokaa mtaani pale tangu kabla ya 1994 hawakuonekana. Milango yao ilikuwa imefungwa.

"Benyeji bako wapi?" Nabintu aliuliza.

"Wanaigomea amri," Patricie alijibu kwa hasira. "Tuanze."

Walichimba. Zilitoka chupa, betri zilizovimba, kandambili, mifuko iliyogandamana kama kurasa zilizolowa. Jua lilikuwa limepanda kidogo jembe la Nabintu liliponasa kwenye nguo. Akaivuta, kisha akaacha kuvuta.

"Maman Patricie, kuya. Kuko muntu."

Hakuwa mmoja. Kila walipofukua waliona mwingine, na baada ya muda watu waliweka majembe chini wakasimama tu. Thacienne alishuka kutoka ukingoni, akatazama kwa muda mrefu. Hakulia.

"Miaka hii yote namwaga majivu hapa," alisema. "Majivu, maganda, maji ya kuoshea sufuria. Kila asubuhi."

Patricie alitaka kumshika mkono. Thacienne akauondoa.

"Na majirani wananiona. Wananisalimia."

Polisi walimkuta Munyemana kwenye karakana yake, ameketi. Hakukimbia. Alisema hakuua, alilazimishwa kubeba maiti na kuzitupa. Baadaye majirani walianza kumwaga taka juu yao bila kuambiana neno, naye akaendelea. "Tulizania bucafu itafunika," alisema. Akapelekwa gerezani kungoja gacaca, mahakama ya wanakijiji. Baadhi ya wenyeji walihama wiki hiyohiyo. Wengine walibaki, wakawa wanapita njia ya juu ili wasikutane na Thacienne.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetupa hata ganda korongoni. Ofisi ilimpongeza Patricie mbele ya watu kwamba mtaa wake unaongoza kwa usafi. Alitazama chini mpaka wakamaliza kupiga makofi.

Mifupa ilioshwa uani pa ofisi ya sekta, wanawake wamezunguka mabeseni. Kuosha hakukuwa kugumu kama kutenganisha. Mtaa mzima ulikuwa umetupa pale mifupa ya kuku na ya mbuzi, Krismasi baada ya Krismasi, nayo ilikuwa imechanganyika na ya watu. Thacienne alikuja kila siku, akapiga magoti mahali palepale. Hakujua kama baba yake na Gad walikuwa humo, na hakukuwa na namna ya kujua.

Siku ya mwisho Patricie aliokota kifupa kidogo, akakigeuzageuza.

"Hiki nadhani ni cha mbuzi. Au sijui."

Thacienne alikichukua, akakisugua kwa kidole gumba, akakiweka juu ya shuka pamoja na vingine.

"Na kama ni cha mbuzi kweli?"

"Atazikwa nao," alisema Thacienne, akavuta beseni karibu.