Mtaro Ulionyooka Mpaka Mtoni

Dereva wa greda katika msitu wa kuvuna mbao aliitwa Nyoosha, kwa sababu barabara zake hazikujua kona. Madereva wa malori walimsifu, naye alizipenda sifa kama mtoto na sukari. Hivyo aliposikia kwamba afisa mpya wa mazingira wa kampuni anakuja kukagua njia kabla ya mvua, hakushtuka hata kidogo.

Kisha afisa mwenyewe akashuka garini. Alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, Mama," alisema, kofia ameificha mgongoni.

"Marahaba, mwanangu. Ukwe tutaukuta nyumbani. Hapa naomba lile boza la maji la kutuliza vumbi barabarani."

Boza lilipofika juu ya mteremko, mama aliagiza maji yafunguliwe, akaanza kuyafuata kwa miguu, mkoba kwapani. Maji yaliteleza kwenye mtaro wa kando ya barabara, yakazoa udongo mwekundu, yakashika kasi. Alipofika chini akihema, mto ulikuwa umeshageuka rangi ya matofali.

"Yamenipita mbio," alisema. "Na huko chini watu wanakunywa."

"Lakini Mama, mtaro umenyooka vizuri."

"Ndiyo shida yake. Umenyooka mpaka mtoni."

Akayafungia malori njia hiyo mpaka mitaro ichepushwe kuelekea porini na matuta ya kupunguza kasi ya maji yawekwe mteremkoni. Madereva waling'aka. Mmoja akamvuta Nyoosha pembeni. "Si umbembeleze nyumbani?"

"Wewe una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Kambembeleze wako kwanza, halafu uje unisimulie."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi, maana mama alikuwa amefikia kwao huku akitafuta chumba. Jioni ile Nyoosha alikula amenuna. Mkewe alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Mimi simo," akasema. "Huyu kanizaa, huyu kanioa. Hasira zenu zimalizieni kwenye vyombo."

Basi wakaosha vyombo, mama akisugua, mkwe akisuuza. Baada ya sufuria ya pili, mama alichora kwa kidole kwenye povu la sinia: mtaro unaiacha barabara kwa mshazari, taratibu, maji yanatawanyika kati ya miti na kuuacha udongo huko huko.

"Na pale kwenye mwamba?" Nyoosha akauliza, kinyongo kikianza kumtoka. "Mwamba haukatiki."

"Hapo sijui, mwanangu. Greda unaijua wewe."

Nyoosha alilala akiuwaza mwamba ule. Kesho yake akaanza kuchepusha mtaro mmoja baada ya mwingine, na penye mwamba akauanzia mtaro juu kidogo mteremkoni, ukauzunguka mwamba. Kwa mara ya kwanza maishani alikata kona, na ikampendeza.

Jumapili mchana walikuwa mezani mvua ilipoanguka kwa kishindo. Nyoosha na mama mkwe waliinuka pamoja, bila kusemezana. Pikipiki ikawaka. Mama, amemshika mkwe kiunoni, alipiga kelele "Polepole!" mpaka walipoingia msituni, kisha akaanza kupiga kelele "Ongeza mwendo!"

Mitaro ilikuwa ikifanya kazi. Penye mwamba tu, matawi yalikuwa yameziba mtaro na maji yalianza kurudi barabarani. Nyoosha akajitosa, mama naye akajitosa. Wakavuta, wakavuta. Tawi lilipochomoka, mama alikaa kwenye tope, pwaa!

Nyoosha akaganda. Mama mkwe anachekwa? Mama alikuwa akikitazama kiatu chake kikielea kuelekea porini.

"Ona," akasema, "hata kiatu kimechepuka."

Nyoosha alicheka mpaka akashikilia mti, na mama akacheka palepale topeni.

Waliteremka mtoni. Maji yalikuwa yamepanda, lakini mawe ya chini bado yalionekana. Nyoosha akachuchumaa akiyatazama, mvua ikimpiga mgongoni. Alikuwa amekata barabara nyingi, wala hakuwahi kushuka kuona maji yake yanakoishia. Moyo ukamjaa furaha asiyoijua jina.

"Njia imepita ukaguzi, Mama?"

"Nitakujibu kesho, nikiwa na viatu viwili."

Walipobisha hodi nyumbani, mke alifungua mlango, akawatazama kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, akaufunga tena. Wakabaki kibarazani wakidondosha tope, wakimsikia ndani akicheka, na bomba likijaza ndoo.