Dakika Kumi na Moja za Jikoni

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha birika kiligonga mara mbili. Mjane wa mlinzi wa kilima alijitanda shuka, akaenda jikoni. Mumewe alikuwa ameshaketi. Viatu vyake vilivyojaa udongo alikuwa ameviacha mlangoni asichafue sakafu, kama alivyozoea alipokuwa hai.

"Sukari imeganda tena," alisema mumewe.

"Na wewe huishi kulalamika," alimjibu huku akimpondea.

Kila alfajiri mumewe alikaa dakika kumi na moja. Ndizo dakika ambazo saa ya kihisi cha mtikisiko wa ardhi kilichotundikwa ukutani jikoni ilikuwa nyuma. Vihisi vya namna hiyo vilikuwa mia mbili, visivyo na waya, vimetapakaa kwenye kilima na nyumba za chini yake. Kila kimoja kilipaswa kumsikiliza jirani yake na kulinganisha saa. Saa zikiafikiana, mtambo wa ofisi ya tahadhari huweza kutambua kilima kinaposogea, king'ora kikalia. Siku ya maporomoko hazikuafikiana. King'ora kilichelewa dakika kumi na moja, mlinzi akiwa tayari chini ya udongo. Ripoti ikasema king'ora kililia kwa wakati, mlinzi ndiye aliyelala. Baadaye vihisi vyote vilirekebishwa, isipokuwa hicho cha jikoni.

Alfajiri hiyo, fundi wa vihisi alibisha hodi, mwanamke mpole mwenye mkoba begani.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," walijibu wote wawili.

"Nimetumwa kukiweka sawa kihisi," alisema fundi. "Ofisini wanaona kinachelewa."

"Waambie sikulala," alisema mlinzi.

"Nimewaandikia mara tatu, baba. Wanasema kihisi kibovu si shahidi."

Mlinzi alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Fundi alisubiri amalize chai yake, ndipo akafungua kihisi. Mjane alishika ukingo wa meza. Fundi alisogeza saa mbele dakika kumi, akasita, akafunga.

"Dakika moja mtambo wao hauioni," alisema.

Kiti kilikuwa kitupu. Fundi aliosha kikombe, akakifuta, akaaga. Ripoti ilibaki vilevile.

Alfajiri iliyofuata kifuniko kiligonga mara moja tu. Mjane alikuwa amesimama tayari na kikombe mkononi, sukari ameiponda tangu jioni. Mumewe aliinama mlangoni kufungua kamba.

"Usivue viatu," alimwambia. "Udongo nitafagia mimi. Kunywa, baba. Na kesho uje tena."