Pua ya Mwalimu Bartholomeo

Mwalimu Bartholomeo alikuwa na miaka sita tangu astaafu kufundisha sayansi ya vyakula chuoni, lakini Morogoro nzima, kukiwa na kitu cha kuonjwa, aliitwa yeye. Kwa hiyo Zawadi, mwanafunzi wake wa zamani aliyefungua kiwanda kidogo cha bia huko Kihonda, alipotaka kuchagua stauti moja, ile bia nyeusi nzito, ya kuingiza sokoni, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Mwalimu.

Alikubali papo hapo. Kitu ambacho hakukisema, na ambacho mkewe Catherine peke yake alikijua, ni kwamba tangu mafua makali ya mwezi Machi alikuwa hasikii harufu yoyote. Juzi tu vitunguu viliungua jikoni hadi vikawa makaa, naye amekaa hapo mlangoni anasoma gazeti.

"Utaumbuka," Catherine alimwambia Jumamosi asubuhi.

"Ulimi ninao, macho ninayo," alijibu akifunga vifungo vya shati. "Na maneno ninayo ya kumwaga."

Waonjaji walikuwa watatu. Wa pili alikuwa Ernest, mhudumu wa baa ya hoteli moja mjini, na wa tatu Mama Scholastika wa Kinole, aliyepika pombe ya mtama kwa miaka thelathini na ushee. Zawadi aliwaamkia shikamoo, akampangia kila mmoja glasi tano zenye namba, nyeusi tii, povu juu rangi ya chai ya maziwa.

Mwalimu akaanza kazi. Akainua glasi kwenye mwanga, akaizungusha, akatumbukiza pua, akafumba macho. Ya pili akaipa tisa kati ya kumi: "Chokoleti, na moshi wa mbali kidogo." Ya tatu akaipa nane: "Hii ina harufu ya shamba baada ya mvua." Mama Scholastika akamtazama, kisha akaandika alama yake kwenye karatasi. Ya tano, kwa kuwa alishachoka kusifu, akaipa nne.

Zawadi akakusanya karatasi, akazisoma, uso ukambadilika.

"Mwalimu, samahani. Ya pili na ya tano zimetoka pipa moja. Niliweka mtego kidogo, kama ulivyotufundisha."

Ernest akaangalia dari. Mwalimu akafungua mdomo kusema kuwa ya tano ilikuwa imepata joto, lakini Mama Scholastika akamuwahi.

"Na ile ya tatu, baba? Imeharibika. Inanuka mayai viza. Mimi nimeiandikia sifuri."

Masikio ya Mwalimu yakawaka moto. Kisha, bila hata yeye kutegemea, akacheka mpaka akatoa leso.

"Pua yangu imekufa tangu Machi," alisema. "Sinusi kitu."

"Jamani! Sasa mbona hukuniambia?" Zawadi aliuliza.

"Ningekuambia, ungeniita?"

Mwalimu akasimama aondoke, ila Mama Scholastika akamshika mkono wa shati.

"Kaa. Ulimi bado unao, si ndiyo? Mimi nitanusa, wewe utaonja. Ya nne hii tumeipenda wote. Ina mdalasini wa kwetu."

Mwalimu akaonja ya nne, safari hii bila mbwembwe. Akameza, akarudia.

"Ni nyepesi kama maji," alisema taratibu. "Na inakwaruza ulimi. Harufu ndiyo inayowapumbaza. Hebu bana pua, Mama."

Wakabana pua wote, Zawadi naye, wakanywa wakitazamana kama watoto wanaonyweshwa dawa. Ernest ndiye aliyeachia pua kwanza.

"Kweli bwana. Haina kitu!"

Wakarudia glasi zote hivyo hivyo, mara pua wazi, mara pua imebanwa, na mabishano yakawa makali kuliko mwanzo. Mwishowe ile ya pili ndiyo iliyochaguliwa, na ya mdalasini ikarudishwa jikoni iongezwe kimea.

Walipotoka, Mwalimu na Mama Scholastika wakapanda bajaji moja kuelekea mjini.

"Sasa hivi kunanukia nini?" Mwalimu aliuliza.

Mama Scholastika akavuta pumzi. "Mihogo ya kukaanga. Na pale fundi anachomelea chuma." Akamgeukia. "Halafu wewe, baba, manukato umejipulizia mengi mno."