Oili ya Maskati

Mzee Kificho wa Madungu alikuwa na gari moja na masikio mawili, vyote vikuukuu. Kati ya hivyo, gari ndilo lililokuwa likisikia la mtu.

Gari lenyewe lilikuwa Moris ya mwaka sitini na mbili, aliyorithi kwa babake. Ndiyo iliyomletea mkewe, marehemu Khairiya, siku ya harusi yao. Sasa binti yao wa pekee, Shadya, alikuwa anaolewa Wete, na alishasema neno lake: "Baba, mie ntapanda gari lilomchukua mama. Si hivyo, ntakwenda kwa miguu." Kificho alilia barazani mbele za watu, wala hakuona haya.

Basi gari lilipaswa kufika Wete, hilo tu. Na lingefika, lau si mapenzi ya Kificho kwa gari lake.

Miaka yote Moris ilinyweshwa oili nzito, ile wanayoiita ishirini-hamsini, kutoka duka la vipuri la Saifuddin, pale Chake. Ni oili ya makopo ya vumbi, haina sifa wala sura. Wiki ya harusi, mpwa wake Abdulnasir akaja kutoka Maskati, kule Omani, na galoni la oili, la rangi ya dhahabu. Sasa Pemba, kitu kikishatoka Maskati hakiulizwi. Halua ya Maskati, sawa. Lakini hata dawa ya kichwa ikitoka Maskati, mtu hupona kabla hajaimeza. Baraza nzima ililipakata lile galoni kwa zamu, kama mtoto mchanga.

Saifuddin alisoma lebo, akatikisa kichwa.

"Mzee Kificho, oili njema hii, lakini nyepesi, ya injini mpya. Yako vyuma vishalika, mipira ya sili ishakauka. Hii itakosha uchafu wa ndani wote, na uchafu huo ndio unaoziba matundu. Itavuja yote."

"Saifu, weye wauza ishirini-hamsini," Kificho akamjibu. "Muuza ntama hasifu nchele."

Baraza ikacheka. Saifuddin akarudi dukani kwake.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, Moris ilitoka Madungu ikinguruma laini mno, Kificho kwenye usukani na Shadya nyuma katika vazi lake. Galoni tupu la dhahabu lilikuwa limesimamishwa kwenye kioo cha nyuma, lebo ikitazama nje, watu wasije wakafa hawajui.

Saifuddin na mkewe Bilkis walifuata nyuma kwa kirikuu ya duka, kigari cha kubebea mizigo. Hawajafika mbali, Saifuddin akaona tone la oili barabarani, kisha mstari. Akapiga honi. Akapiga tena, mkono hautoki. Kificho akafurahi: kumbe hata Saifuddin ameona raha ya harusi hii! Akamjibu kwa honi yake, ndefu, yenye madaha. Wakaenda hivyo maili nzima, mmoja analia hatari, mwingine anaitikia shangwe.

Katikati ya mpando wa kilima, mashambani, injini ikagonga mara tatu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Ilikuwa imenoki, vyuma vimeshikana kwa kukosa oili.

Saifuddin alishuka, akamfungulia Shadya mlango. Kificho alitamani Saifuddin amtukane. Shadya akasaidiwa kupanda kirikuu, akaketi na Bilkis, vazi limepakatwa juu ya katoni za ishirini-hamsini. Kabla mlango haujafungwa, alimtazama babake kwa macho yaliyojaa machozi.

"Baba, mama alifika," akasema.

Wakaondoka. Kificho akabaki amekaa ukingoni mwa barabara. Alijua alichokifanya. Alikijua chote.

Akapita mtu na baiskeli, akasimama. Hakuitazama injini, wala moshi, wala mzee mwenye kilemba kipya anayefuta machozi. Alitazama galoni kwenye kioo cha nyuma.

"Yakhe, hiyo ya Maskati?"

Kificho akajikohoza. Ulimi ulikuwa na ukweli tayari.

"Ya Maskati," akasema, akiweka kilemba sawa. "Oili haina neno. Gari tu ndo bovu."