Mikono Yake

Mgeni aliingia bila hodi, msichana mrefu, kitambaa cha buluu begani.

"Dada, wewe ndiye mke wa mpiga picha? Ameniambia nije kwako. Ijumaa saa kumi ananipiga picha."

"Ijumaa saa kumi gauni litakuwa tayari. Nakuahidi," fundi akasema, akikipokea kitambaa.

Akampima kiuno, na wivu ukaanza kumpima yeye. Kiuno hiki mumewe atakitazama kwenye kamera, tena jicho moja amelifumba!

Tangu hapo, mumewe akinyoa ndevu, ni kwa ajili ya yule. Asiponyoa, anaficha jambo. Alhamisi akamsikia nyuma ya pazia, akicheka kwenye simu: "Mikono yake naijua mimi. Sijaona mfano wake!"

Damu ikamchemka. Akalibana gauni kiunoni kwa upana wa vidole viwili, kisha ile nguo ya ziada inayoachwa ndani ya mshono akaikata yote, lisipanuke tena.

Wifi yake, anayesomea saikolojia, akamkuta anavikanyaga vipande, akasimuliwa yote.

"Ulisikia jina, wifi?"

"Nilisikia 'yake'. Yatosha."

"'Yake' nani? Huenda ni kinyozi! Akili haivumilii pengo. Ikisikia nusu, nusu nyingine inajishonea, na uzi inaokota kwenye hofu yako."

"Nyie wasomi kwa maneno!"

"Basi muulize kaka."

Hakumuuliza.

Ijumaa mgeni aliwahi, uso umejaa aibu. "Nisamehe, dada. Jana niliingiwa na wasiwasi, nikampigia mumeo kumuuliza kama kweli utamaliza. Akanicheka! Eti, 'Mke wangu? Mikono yake naijua mimi. Sijaona mfano wake!'"

Fundi akakosa pa kuuficha uso. Kumbe mwanamke aliyemnyima usingizi alikuwa yeye mwenyewe.

Gauni likajaribiwa. Zipu ikagoma kiunoni.

"Nimenenepa?" mgeni akauliza kwa unyonge.

"Hujanenepa. Nimeharibu mimi. Keti hapo."

Kabatini kulikuwa na kitambaa kimoja tu cha buluu ile, zawadi ya mumewe, cha kutosha gauni moja: lake. Alikuwa amekitunza, akisubiri kupata nafasi ya kujishonea. Akakikunjua, akakipapasa, akapitisha mkasi katikati.

Saa kumi zipu ilipanda mpaka juu.