Vichwa vya Sabuni

"Waheshimiwa wageni waalikwa, wajumbe wa jopo, na nyote mliojaliwa masikio! Leo historia inaandikwa. Ukoo huu, ambao tangu enzi za mababu haujatoa bingwa wa jambo lolote isipokuwa kukoroma, unawaletea mtaalamu wa afya ya jamii!"

Mtoa tangazo alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, shuka mabegani kama joho, mwiko mkononi kama kipaza sauti. Alipoinama kupokea makofi ambayo hayakupigwa, kreti liliyumba, naye akatua kitako kwenye kochi.

"Shuka langu hilo," alisema Mama bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akishona. "Likichanika, utajifunika hilo kreti."

Huyo ndiye Mheshimiwa, kitinda mimba wa nyumba hii, mwanafunzi wa shule ya bweni ya wasichana. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hata akiomba chumvi mezani huanza kwa kuwashukuru waliohudhuria. Alikuwa amefika likizo jana yake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumkabidhi Mama kiboksi kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi. "Kifiche mpaka Dada amalize mazoezi yake," alimnong'oneza. Alikuwa amejivunia kiboksi hicho njia nzima.

Dada, mkubwa wake, alikuwa muuguzi. Kwa muda mrefu alikuwa akirudi kutoka zamu, anavua viatu, anafungua kompyuta na kuandika tasnifu yake ya uzamili mpaka paji la uso linagusa herufi. Sasa imekwisha. Jumatatu angeitetea mbele ya maprofesa, na leo alikuwa akijaribu maneno yake sebuleni, Mama akiwa ndiye jopo zima.

"Mama, niulize maswali makali. Usinionee huruma."

"Huruma ya nini? Maswali makali nilianza kukuuliza tangu ulipojua kuchelewa kurudi nyumbani."

Dada akakohoa kidogo, akaanza. Alitaka kujua kama mabango yanayobandikwa juu ya karo, penye mabomba ya kunawia, yanaweza kuwafanya wanafunzi wanawe mikono kwa sabuni. Alichukua mabweni mawili katika shule ya mdogo wake. Moja alilibandikia mabango, jingine akaliacha hivihivi. Yote mawili aliyawekea sabuni. Mheshimiwa, mkazi wa bweni la mabango, alikuwa akitikisa kichwa kwa uzito kama mfadhili wa mradi.

"Sasa tulipimaje?" Dada aliendelea. "Ukimwuliza mwanafunzi kama ananawa, atakwambia ndiyo. Ukisimama kumtazama, atanawa mpaka ngozi imtoke. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya shule, hatukuwaambia. Kila Ijumaa nilikusanya mabaki ya sabuni nikayapima kwenye mizani. Sabuni iliyopungua, hiyo ndiyo mikono iliyonawa."

Mwiko ulimponyoka Mheshimiwa.

Kwenye mizani! Yeye alidhani Dada anabadilisha sabuni kwa ukarimu tu. Na sabuni ile ilikuwa laini, ya kijani, inachongeka kama siagi iliyoganda. Alikuwa ameanza na kichwa cha matroni, kwa ncha ya bikari ya hesabu, kwa mzaha. Bweni zima lilicheka mpaka likalia. Baada ya hapo ikawa kazi: nichongee mwalimu wa fizikia, nichongee mkuu wa shule na miwani yake. Kila alipokata ubavu wa mche wa sabuni, alilainisha jeraha kwa maji, akaurudisha kwenye karo ukiwa umekonda kama uliotumika kihalali. Alijiona fundi. Kumbe alikuwa akinawa mikono ya watu wasionawa.

"Tazama hapa, Mama." Kwenye kompyuta, mstari wa bweni la mabango ulikuwa umepaa juu ya ule mwingine. "Mabango yamefanya kazi kuliko nilivyoota. Msimamizi wangu alinipigia simu mwenyewe. Na ofisi ya elimu imeshaniita. Walikuwa wanafikiria kuongeza mabomba shuleni, sasa wanasema mabango yanatosha."

"Na hapa katikati mbona pamebonyea?" Mama alinyoosha sindano kwenye kioo. "Mistari yote miwili inalingana."

"Wiki hiyo inanisumbua. Nimeandika kwamba huenda maji yalikatika."

Maji hayakukatika. Wiki hiyo Mheshimiwa alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa, mashavu yamemvimba kwa matubwitubwi, bikari iko mbali.

Akisema, tasnifu ya Dada imekwenda na maji, na Jumatatu yake nayo. Asiposema, mabomba hayaji, na watoto wa shule nyingine watapewa picha ya mikono misafi waitazame huku wakiharisha. Akajikaza kisabuni, akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

"Na kwenye ukurasa wa shukrani," Dada alisema, akimgeukia kwa tabasamu lililochoka, "nimekuweka wewe. Wenzako waliniambia kila ukipita karoni ulikuwa na sabuni mkononi. Nikajua mdogo wangu ananiunga mkono."

Hapo ndipo alipokumbuka kiboksi.

Akamsogelea Mama kwenye kochi. "Mama," alinong'ona, "kile kiboksi nirudishie. Kimeharibika."

"Kimeharibika nini? Acha aibu." Mama alikuwa ameshasimama, anafungua kabati la vyombo. "Mwanangu, umeniridhisha, jopo limekupitisha. Haya, mdogo wako ana zawadi yako. Maneno mengi, lakini moyo anao, huyu."

"Mama, nakuomba—"

Karatasi ikachanika. Dada akatoa kichwa kidogo cha kijani: shavu lake mwenyewe, pua yake mwenyewe, na juu yake kofia ya mahafali yenye kishada. Akacheka, macho yakamlowa. "We mtoto! Hata kovu la nyusi umeliweka!" Akakisogeza puani, na kicheko kikaanza kupungua, kama bomba linalofungwa taratibu.

Alikigeuza. Akakinusa tena.

"Hii niliagiza itengenezwe ya rangi hii," alisema polepole, "ili isichanganyike na sabuni nyingine yoyote. Haiuzwi dukani." Akatazama kompyuta, pale palipobonyea. "Matubwitubwi ulilazwa lini?"

Mheshimiwa akasimama. Mazoea yakamtangulia. "Waheshimiwa wajumbe wa jopo..." Shuka likamteleza mabegani, hakuliokota.

"Wiki hiyohiyo, Dada."

"Viko vingapi?"

"Sijui. Vingi. Vingine nimegawa. Sikujua unapima, Dada, haki ya Mungu sikujua. Lakini tangu ulipotaja mizani nimejua, na nimenyamaza. Nimekaa hapa nikakusikia unanishukuru, nikanyamaza."

Mama aliketi taratibu, sindano mkononi. Dada hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Mheshimiwa zaidi. Alikiweka kile kichwa cha sabuni mezani kwa uangalifu, akafunika uso kwa viganja. Kisha akavuta simu na kutafuta namba ya msimamizi wake.

"Leta ulivyo navyo," alisema. "Vyote."

Mheshimiwa akaburuta sanduku lake la shule mpaka sebuleni, akalifungua. Matroni, mkuu wa shule na miwani yake, mwalimu wa hesabu mwenye masikio. Alivipanga mezani kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

"Anza na wa kwanza," Dada alisema, simu ikiita sikioni. "Ulimchonga lini?"

"Matroni," Mheshimiwa alisema, machozi yakimdondokea shingoni. "Ulipoweka sabuni mara ya kwanza, Dada. Kabla hata gundi ya mabango haijakauka."